Mtoto wa Kichwa Kikubwa Asifichwe: Utafiti wa Mbale Unatuhusu na Sisi wa Litembo



Katika kurasa za afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa ambao familia nyingi huutaja kwa kunong'ona, yaani ugonjwa wa mtoto kuwa na kichwa kikubwa kilichojaa maji. Sisi wauguzi tunaohudumia wagonjwa huku Litembo tunawafahamu watoto hao. Wengine hutoka vijiji vya hapa hapa milimani, wengine hupandishwa kutoka pwani ya Ziwa Nyasa, tangu Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay. Mara nyingi mtoto hufika amefunikwa kanga gubigubi, hata jua likiwa kali, kwa sababu mama hataki watu wamwone mwanawe. Na mara nyingi hufika amechelewa.

Tunatoa maoni yetu tangu mwanzo ili msomaji ajue tunakokwenda. Kwanza, ugonjwa huu unatibika ukiwahiwa. Pili, tiba inayomfaa mtoto anayekaa karibu na hospitali kubwa si lazima iwe ndiyo inayomfaa zaidi mtoto wa kijijini kwetu. Tatu, daktari bingwa mmoja wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, aliyefanya kazi katika nchi jirani ya Uganda, ameyaonyesha hayo kwa utafiti, wala si kwa maneno matupu. Sehemu iliyobaki ni yetu: wazazi, wauguzi, jumuiya na viongozi. Na sehemu hiyo huanza na kitu kidogo sana, nacho ni futi ya fundi cherehani.

MAJI YA UBONGO NI NINI?

Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vinne vyenye maji masafi. Maji hayo si ugonjwa. Mwenyezi Mungu ameyaweka ili yaulinde ubongo usigongwe na mifupa ya kichwa. Hutengenezwa mchana na usiku na vinyama laini vilivyomo ndani ya vyumba hivyo. Kwa mtu mzima hupata karibu nusu lita kwa siku. Kutoka humo hupita katika njia nyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi katika damu. Yanayotengenezwa na yanayonyonywa hulingana.

Sasa fikirini mfereji wa kumwagilia bustani. Takataka zikiziba njia, maji hayaachi kuja. Hujaa, hufurika na kuharibu miche. Ndivyo ilivyo katika kichwa cha mtoto. Njia ikiziba, au maji yasiponyonywa vizuri, vyumba vya ubongo hupanuka. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana bado, kichwa nacho hupanuka. Ubongo hubanwa na kuwa mwembamba. Mtoto huchelewa kukaza shingo na kukaa, anaweza kupoteza uwezo wa kuona, anaweza kupata degedege, na asipotibiwa watoto wengi hufa.

Njia ya maji huharibika kwa sababu mbalimbali. Wapo wanaozaliwa njia ikiwa finyu. Wapo wanaozaliwa na mgongo wazi, yaani mifupa ya uti wa mgongo haikufunga vizuri tumboni mwa mama, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa. Wapo waliozaliwa kabla ya wakati wakavuja damu katika ubongo. Na wapo waliozaliwa wazima kabisa, kisha wakapata maambukizo makali wakiwa bado wachanga, kama vile homa ya uti wa mgongo, na maambukizo hayo yakaacha makovu yaliyoziba njia.

Katika sababu zote hizo, ndugu msomaji, hutaona uchawi, laana ya ukoo, wala uzinzi wa mama.

MPIRA WA BABA MMOJA FUNDI

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa ngumu. Mabadiliko makubwa yalikuja Marekani mwaka 1956. Fundi mitambo mmoja wa huko Philadelphia, John Holter, alikuwa na mtoto mchanga aliyeitwa Casey, aliyezaliwa na mgongo wazi na kupata maji kichwani. Baba huyu hakuwa daktari. Alishirikiana na daktari wa upasuaji, Eugene Spitz, akabuni kilango kidogo kinachoruhusu maji yapite upande mmoja tu bila kurudi. Tangu hapo mamilioni ya saa za maisha ya watoto zimeokolewa na mpira mwembamba wenye kilango kama hicho. Siku hizi mpira huo hupitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, na maji hunyonywa huko.

Mpira huu umeokoa watoto wengi, na bado unawaokoa. Lakini una kasoro moja kubwa: ni kitu cha kigeni mwilini, na huweza kuziba, kukatika au kupata vijidudu. Hata katika nchi tajiri, karibu mipira 4 kati ya 10 huharibika kabla ya kutimia mwaka mmoja, na karibu nusu huwa imeharibika katika miaka miwili. Ukiziba, maji hujaa tena kwa haraka. Mtoto huanza kutapika, hulegea, husinzia kupita kawaida, na bila msaada wa upesi anaweza kufa.

Kwa mzazi anayekaa karibu na hospitali kubwa, hiyo ni dharura ya kukodi gari. Kwa mzazi wa kwetu mambo ni mengine. Kutoka Litembo hadi Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, yaani MOI, mjini Dar es Salaam, ambako watoto wengi wa vichwa vikubwa na mgongo wazi hupasuliwa, ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwanza kuteremka hadi Mbinga, kisha Songea, kisha safari ndefu ya basi. Na mwaka una mvua zake, na kila mfuko una msimu wake.

SWALI LA DAKTARI WA MBALE

Mwaka 2000 daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, pamoja na familia yake. Alikwenda kusaidia kuanzisha hospitali ya watoto ya shirika la Kikristo la CURE, akafanya kazi huko hadi mwaka 2006. Milango ilipofunguliwa, akina mama walifika na watoto wenye vichwa vikubwa, wengi kuliko alivyotarajia. Wengine walitoka mbali, na njia zao zilikuwa kama zetu.

Daktari Warf angeweza kuwawekea mipira wote, akahesabu idadi na kuridhika. Lakini alijiuliza swali ambalo sisi tunaona ni swali la mtu anayejua maisha ya kijijini: mtoto huyu akirudi kwao, mpira ukaziba usiku wa manane wakati wa mvua, nani atamwokoa?

Ilikuwapo njia nyingine ya zamani, iliyojaribiwa Marekani tangu mwaka 1923, ya kufungua kitobo ndani ya ubongo wenyewe ili maji yapate njia mpya. Siku hizi daktari hupitisha mrija mwembamba wenye taa na kamera, akatoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo. Maji hutokea hapo na kuendelea na safari yake. Hakuna mpira unaobaki mwilini. Tatizo ni kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja njia hiyo ilikuwa ikishindwa mara nyingi, na wagonjwa wengi wa Mbale walikuwa wa umri huo.

Ndipo akaongeza jambo la pili. Kwa mrija ule ule, alichoma vile vinyama vinavyotengeneza maji, ili maji yapungue kiasi. Yaani alifungua mlango wa kutokea, na papo hapo akapunguza maji yanayoingia. Kisha hakusema tu kwamba inafaa. Alihesabu. Mwaka 2005 alitoa taarifa ya watoto 550. Kwa wale wa chini ya mwaka mmoja, kitobo peke yake kilifaulu kwa watoto 47 katika kila 100. Kitobo pamoja na kuchoma kilifaulu kwa 66 katika kila 100. Kwa watoto wachanga wenye mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 35 dhidi ya 76 katika kila 100.

Mwaka huo huo alitoa pia taarifa ya mipira yenyewe. Alilinganisha mpira wa bei kubwa na mpira wa bei nafuu sana uliotengenezwa India, kwa watoto 195. Baada ya mwaka mmoja hakuona tofauti ya maana kati ya mipira hiyo miwili. Hilo nalo ni somo kwa nchi zetu: si kila kilicho ghali ndicho bora. Mwaka 2012 Daktari Warf alipewa tuzo ya MacArthur huko Marekani kwa kazi hiyo. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha wafundisha madaktari wa Uganda, nao wakaendeleza upasuaji huo Mbale bila yeye. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo ilipo heshima kubwa zaidi.

TUSEME NA UPANDE WA PILI

Si haki kusifu dawa bila kutaja mipaka yake. Wapo waliouliza: ni kweli mtoto anaepuka mpira, lakini je, akili yake inakua vizuri sawa na ya yule mwenye mpira? Ni swali zito, maana mpira hupunguza ukubwa wa vyumba vya maji zaidi.

Jibu lilitafutwa hapo hapo Mbale. Watoto 100 wa chini ya miezi sita, waliopata ugonjwa kutokana na maambukizo, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walifanyiwa upasuaji wa kamera, nusu wakawekewa mpira. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya makundi yote mawili hayakuwa na tofauti ya maana. Upasuaji ulishindwa kwa watoto 35 katika kila 100 wa kundi la kamera, na 24 katika kila 100 wa kundi la mpira, na tofauti hiyo nayo haikutosha kusema kwamba njia moja imeishinda nyingine.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mpira ni mbaya. Mzazi mwenye mtoto aliyewekewa mpira asifadhaike, wala asithubutu kwenda kumwondolea. Wapo watoto ambao makovu ya ubongo wao hayaruhusu njia ya kamera, na kwao mpira ndio uhai. Tunalosema ni hili: ikiwa njia mbili zinalingana kwa akili ya mtoto, basi umbali wa nyumbani ni jambo la kuwekwa kwenye mizani. Upasuaji wa kamera ukishindwa, kwa kawaida hushindwa mapema, katika miezi sita ya mwanzo, wakati mzazi na daktari bado wanamfuatilia mtoto. Mpira huweza kuharibika mwaka wowote, hata mtoto akiwa darasa la tatu. Kwa mtu wa Litembo tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa sababu hiyo tunawashauri wazazi wanaopewa rufaa wasikae mbele ya daktari bingwa kama mawe. Kuuliza si utovu wa adabu. Ulizeni hivi: "Daktari, mtoto wangu anaweza kufanyiwa upasuaji wa kamera bila kuwekewa mpira?" "Akiwekewa mpira, dalili za kuziba ni zipi, na hospitali ya karibu inayoweza kutusaidia ni ipi?" "Sisi tunatoka Mbinga, safari ni ya siku mbili. Turudi lini?" Daktari akijua unakotoka atapanga vizuri zaidi. Na majibu yaandikwe kwenye karatasi ya rufaa, ili muuguzi wa kijijini naye ayasome.

UGONJWA UNAANZIA WAPI?

Utafiti wa Mbale ulitufundisha jambo la pili, nalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko upasuaji. Katika watoto 300 wa mwanzo waliochunguzwa, 60 katika kila 100 walikuwa wamepata ugonjwa kutokana na maambukizo. Na wengi wa hao walipata maambukizo hayo katika mwezi wa kwanza tangu kuzaliwa. Maana yake watoto wengi walizaliwa na vichwa vya kawaida.

Wataalamu waliendelea kutafuta ni kijidudu gani. Profesa Steven Schiff wa Marekani na wenzake wa Uganda waliona kwamba idadi ya wagonjwa hupanda na kushuka kufuatana na mvua. Mwaka 2020 walitangaza kwamba katika maji ya ubongo ya watoto wengi wa kundi hilo wamekuta bakteria aitwaye Paenibacillus, ambaye si rahisi kumwotesha katika maabara za kawaida. Kazi hiyo inaendelea. Sisi tungependa siku moja hesabu ya namna hiyo ifanyike pia katika mkoa wetu wa Ruvuma, kwa watoto wa milimani na wa ziwani, ili tusiishi kwa kukopa takwimu za jirani.

Lakini hatuhitaji kusubiri. Kumkinga mtoto mchanga na maambukizo ni kazi tunayoifahamu:

Mama ajifungulie kituoni, penye mikono safi na vifaa safi. Mama anayekaa mbali ahamie karibu na hospitali kabla siku hazijatimia.

Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Kisipakwe majivu, udongo, mavi ya ng'ombe, mafuta wala dawa ya mitishamba.

Kila anayemshika mtoto mchanga anawe mikono kwa sabuni. Bibi na shangazi wasione vibaya wakiombwa kunawa.

Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, akipumua kwa shida, akipata degedege, akilegea, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha, hiyo ni dharura. Asisubirishwe hadi kesho. Asianzishiwe vidonge vya dukani. Aletwe siku hiyo hiyo.

Na hata akipona, asisahaulike. Mtoto aliyewahi kuugua sana akiwa mchanga apimwe kichwa mara kwa mara katika miezi inayofuata, maana maji huanza kujaa polepole, baada ya homa kwisha na watu kushukuru.

FUTI YA FUNDI CHEREHANI

Hapa ndipo tunapotaka kusisitiza. Katika kliniki za watoto kila mahali mizani inaning'inia, mtoto hupimwa uzito na kadi huandikwa. Jambo hilo limeokoa watoto wengi. Lakini kupima mzunguko wa kichwa mara nyingi huachwa, ingawa futi ni ya bei ndogo kuliko kilo moja ya sukari, na kupima hakumalizi hata dakika moja.

Namna ya kupima ni rahisi. Zungusha futi juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma pale kichwa kilipotokeza zaidi. Isikaze sana wala isilegee. Pima mara mbili au tatu, uandike kipimo kikubwa zaidi pamoja na tarehe. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na kichwa cha karibu sentimita 35. Katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka karibu sentimita 2 kwa mwezi, miezi mitatu inayofuata karibu sentimita 1 kwa mwezi, na baada ya hapo nusu sentimita kwa mwezi hadi atimize mwaka. Kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu, kwa maana ziko koo zenye vichwa vikubwa na watu wake wana afya njema. Kinachotisha ni mwendo. Kichwa kikiongezeka zaidi ya sentimita 1 katika wiki moja, mtoto aletwe hospitali.

Dalili nyingine mzazi aziangalie mwenyewe nyumbani: utosi uliovimba na kukaza hata mtoto akiwa ametulia na kukalishwa wima, mishipa ya damu iliyojitokeza kichwani, macho yaliyoshuka chini, weupe ukionekana juu ya mboni, kutapika mara kwa mara, kulia kwa sauti nyembamba, au mtoto kusinzia na kuchelewa kukaza shingo. Hospitali yenye altrasaundi inaweza kuona vyumba vya maji kupitia utosi ambao haujafunga, kabla ya kumtuma mtoto mbali kwa picha kubwa zaidi.

Kwa nini tunahimiza haraka? Kwa sababu upasuaji hutoa nafasi kwa ubongo uliobaki, lakini haurudishi ubongo uliokwisha haribika. Mtoto aliyefikishwa kwa daktari akiwa na miezi miwili ana tumaini tofauti na yule aliyefikishwa na miezi kumi. Tunawaomba wakuu wa zahanati na vituo vya afya, vya serikali na vya dini, waone futi kuwa kifaa cha lazima kama mizani.

MGONGO WAZI NA LISHE YA MAMA

Kuhusu mgongo wazi, kinga yake inajulikana tangu muda mrefu. Mwaka 1991 matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 33 vya nchi 7 yalionyesha kwamba akina mama waliowahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, wakitumia vitamini iitwayo foliki asidi kabla ya kushika mimba nyingine na katika wiki za mwanzo, hatari ya kurudia hupungua kwa asilimia 72.

Zingatieni neno "kabla". Mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za mwanzo wa mimba. Wakati huo mama wengi hawajui kama wana mimba. Akija kliniki mimba ikiwa ya miezi minne akapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi, vinamfaa sana kwa damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto wakati umekwisha pita. Kwa hiyo mwanamke anayetarajia kupata mimba aombe vidonge hivyo mapema. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari, maana yeye huhitaji kipimo kikubwa zaidi.

Chakula nacho husaidia: maharage yetu ya Umatengo, mboga za majani zisizochemshwa mpaka zikapoteza rangi, maini na matunda. Nchi yetu iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza foliki asidi na virutubisho vingine katika unga wa viwandani. Lakini familia nyingi za kwetu hula unga wa mahindi ya shambani, uliosagwa kwenye mashine ya kijijini, usioongezwa kitu. Vifaa vidogo vya kuchanganya virutubisho kwenye mashine za kijijini vipo hapa nchini. Parokia na vikundi vyenye mashine za kusaga vinaweza kuulizia jambo hilo kwa maafisa lishe wa wilaya.

AIBU NI ADUI MKUBWA

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mtoto hufichwa ndani kwa sababu jirani watasema. Watasema mama amerogwa, au amevunja mwiko, au ukoo wake una laana. Wapo akina baba waliokimbia nyumba zao, wakimwacha mama na mtoto asiyeweza hata kuinua kichwa. Kisha hufuata mzunguko wa waganga, na mbuzi, kuku na fedha za kahawa huishia huko. Familia inapofika hospitali, nauli ya kwenda kwa daktari bingwa hakuna tena, na wiki ambazo upasuaji ungefaa zaidi zimepita.

Tunawaambia akina baba wazi wazi: huyu ni mtoto wako. Anayebeba mzigo wa kilo nyingi za kahawa kutoka shambani hawezi kushindwa kumbeba mtoto wake hadi hospitali. Nanyi akina bibi, ambao neno lenu lina uzito nyumbani, semeni neno la kumpeleka mtoto hospitali kabla mtu mwingine hajasema la kumpeleka kwa mganga.

JUMUIYA ZIFANYE NINI?

Sera ya nchi ni kwamba watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Lakini mama akienda Dar es Salaam huhitaji nauli, chakula, mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza. Nyumbani amewaacha watoto wengine. Ugonjwa huu haungoji msimu wa kahawa. Ukitokea mwezi wa Februari, wakati mifuko mingi ni mitupu, nani atatoa nauli?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunapendekeza kila parokia iwe na mfuko mdogo wa nauli ya rufaa kwa watoto, unaochangiwa wakati wa mavuno na kutunzwa na watu waaminifu wa jumuiya ndogo ndogo. WAWATA wana uzoefu wa kutembelea wagonjwa. Wanaweza kuongeza kazi moja: kutembelea kila nyumba yenye mtoto mchanga, wakiwa na futi mkononi. Mama akisafiri, majirani walime shamba lake na kuwalisha watoto aliowaacha. Na akirudi na mtoto aliyepasuliwa, asiachwe peke yake. Kiko chama cha kitaifa cha wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, na kila tarehe 25 Oktoba dunia nzima huwakumbuka watoto hawa. Siku hiyo ingefaa itajwe pia katika matangazo ya parokia zetu.

Daktari Warf alifunga safari ndefu kuja Mbale kwa ajili ya watoto ambao ulimwengu ulikuwa haujawahesabu. Madaktari wa Afrika wamejifunza ufundi huo. Taasisi zetu zinapasua. Sehemu ya barabara iliyo fupi kuliko zote ni ile ya kutoka kitandani kwa mama hadi zahanati ya kijiji, nayo hakuna bingwa atakayetutembelea kuitembea kwa niaba yetu. Wiki hii, mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja atafute futi, ampime kichwa, aandike namba na tarehe kwenye kadi ya kliniki. Wiki mbili baadaye apime tena. Namba ikimtia shaka, asimwulize jirani. Aje kwetu, hata kama si siku ya kliniki.